Paa la majani linavyokaa kavu: ufundi wa nyumba za kale za vijijini Uingereza

Chomoa mabua machache kutoka paa la nyumba ya kale huko Norfolk, mashariki mwa Uingereza, uyatazame. Kila bua limetengana na mwenzake. Hakuna lami kati yake, hakuna gundi, hakuna karatasi ya nailoni. Upepo unapita humo kama unavyopita kwenye ufagio. Na bado watu wamelala chini ya mapaa ya namna hiyo kwa karne nyingi bila kulowa, katika nchi ambayo mvua hunyesha mwaka mzima.

Siri iko kwenye mteremko. Tone la mvua hutua kwenye ncha ya bua, likateleza hadi ncha ya bua lililo chini yake, likaenda hivyo hivyo mpaka kwenye upenu na kudondoka. Linasafiri juu ya ncha tu. Paa likiwa zima, unyevu huishia sentimita 2 au 3 za juu. Ukichimba zaidi ya hapo unakuta mabua makavu yenye vumbi. Ndiyo maana mapaa haya yana mwinuko wa nyuzi 50 hivi, na fundi mwenye kujiheshimu hakubali kuezeka chini ya nyuzi 45. Mabua yanalazwa juu ya unene wa mabua mengine, kwa hiyo bua lenyewe hulala bapa zaidi kuliko kombamoyo lililo chini yake. Paa likiwa na mwinuko mdogo, bua linakaribia kulala kabisa, na tone badala ya kuteleza nje linafuata bua kuingia ndani. Kuanzia hapo ni kuoza.

Aliyezoea makuti ya pwani yetu atalitambua wazo hili mara moja, maana nayo huezekwa kwa kuinuliwa sana kwa sababu hiyo hiyo. Tofauti iko kwenye ufungaji. Makuti husukwa kwanza, kisha hufungwa kwenye pao kimoja kimoja. Mwezekaji wa Kiingereza hana kipande kilichosukwa. Analaza miganda ya mabua yaliyo huru, anaikandamiza kwa ufito uliolazwa juu yake, kisha safu ya juu inaufunika ufito huo. Ukitazama paa lililokamilika hauoni kilicholishika.

Upenu hutokeza mbele ya ukuta karibu nusu mita, na kwa kawaida hauwekewi mfereji wa maji. Maji huangushwa mbali na ukuta, ardhini. Hilo ni la kukumbuka, kwa sababu ukuta wenyewe mara nyingi ni wa udongo.

Majani gani?

Watu husema "paa la majani" kana kwamba ni kitu kimoja. Uingereza ina aina tatu kuu, na kila moja ina uso wake, umri wake na eneo lake.

Ya kwanza ni matete yanayoota kwenye maji. Kwao ni Norfolk na Suffolk, penye vinamasi. Hukatwa majira ya baridi, kuanzia Desemba hadi Machi, baada ya jalidi kuangusha majani yake na kubakiza bua tupu. Ni magumu, yamenyooka, na hulazwa upande wa shina ukiwa nje, kwa hiyo paa linaonekana kama brashi iliyokatwa sawasawa. Likiezekwa vizuri hudumu miaka 40 hadi 60. Siku hizi sehemu kubwa ya matete hayo huletwa kutoka nje, yakiwemo ya Uturuki, Hungary na China.

Ya pili ni mabua marefu ya ngano, yaliyokuwa ya kawaida katikati na mashariki mwa nchi. Hapa mabua yamepurwa, yamevurugika, masuke na mashina yamechanganyika. Fundi huyalowesha, huyavuta kwa mkono hadi yanyooke kiasi, kisha huyakusanya kuwa vifungu bapa. Paa lake ni laini na lina sura ya nywele ndefu zilizochanwa kwa vidole. Hudumu miaka 15 hadi 25, zaidi kidogo likipata fundi hodari.

Ya tatu ni ya Devon na Dorset, kusini-magharibi mwa nchi: ngano ile ile, lakini mabua yamepitishwa kwenye mashine inayochana masuke na majani bila kuliponda bua. Mashina yote yanaelekea upande mmoja, hivyo yanalazwa karibu kama matete. Miaka 25 hadi 40. Mara nyingi mgeni akipita hapo hudhani ni matete.

Aina zote hizo zina udhaifu mmoja: mgongo wa paa. Kileleni, pande mbili zinapokutana, hakuna safu ya juu ya kufunika vifungo. Ni lazima kitu kikunjwe kuvuka upande hadi upande, na matete hayakunjiki, yanavunjika. Kwa hiyo hata paa la matete hupewa mgongo wa ngano, au wa jani la jamii ya ndago linaloota kwenye vinamasi hivyo hivyo. Mgongo huchoka kila baada ya miaka 10 hadi 15, mapema kuliko paa lenyewe. Mtu anayenunua nyumba ya namna hii akidhani ameezekewa kwa miaka 50 ajue kwamba mgongo utabadilishwa mara tatu au nne kabla ya hapo.

Jinsi safu zinavyoshikana

Kazi huanzia chini. Kwenye upenu hupigiliwa ubao ulioinuka kidogo kuliko makombamoyo, na safu ya kwanza hulazwa juu ya ukingo wake. Ubao huo unayapinda mabua na kuyakaza. Bila kukazwa hapo, paa zima juu yake hubaki limelegea na fundi hawezi tena kulirekebisha.

Kisha mganda juu ya mganda. Mganda wa matete una mzunguko wa sentimita 60 hivi penye kamba, na mita moja ya mraba hula karibu miganda 10. Nyumba ndogo yenye paa la mita 100 za mraba inahitaji miganda kama 1,000, na yote hupandishwa ngazi begani. Fundi akishalaza safu, huweka ufito wa kulala juu yake, zamani wa mti, leo mara nyingi wa chuma, na kuubana kwenye makombamoyo kwa kulabu ndefu za chuma. Baada ya hapo huchukua ubao wenye mpini ambao uso wake umetiwa matundu au vichwa vya misumari, akaupiga kwenye mashina kuelekea juu. Kila pigo linayasukuma mabua chini ya ufito na kuyabana zaidi. Paa la matete halikatwi kwa mkasi. Sura yake hupigwa mpaka ikatokea. Mabua marefu ya ngano ndiyo hukatwa upenuni na pembeni kwa kisu.

Kwa ngano kuna kifaa kimoja kidogo kinachostahili kutazamwa kwa karibu. Ni pini ya mti wa heizeli, mti ambao hukatwa karibu na ardhi kila miaka saba hivi ili uchipue vijiti vilivyonyooka. Kijiti hupasuliwa kwa urefu, hukatwa kama sentimita 60 hadi 70, na kuchongwa ncha mbili. Halafu fundi hukishika mikono miwili, hukisokota katikati mpaka nyuzi zake ziachane kama kamba, ndipo hukikunja. Kikikunjwa bila kusokotwa kinavunjika. Kikisokotwa kinakuwa mfano wa herufi U inayotaka kufunguka, na hamu hiyo ya kufunguka ndiyo inayoishika ndani ya mabua. Paa moja hula maelfu ya pini hizi.

Namna ya kuichomeka ni muhimu kuliko pini yenyewe. Ncha zake lazima zielekee juu kidogo, au angalau zilale usawa. Ikichomekwa ikielekea chini, kila pini inakuwa mfereji mdogo wa kupeleka mvua moyoni mwa paa. Kosa hili halionekani siku ya kumkabidhi mwenye nyumba kazi yake. Huonekana baada ya miaka kadhaa, paa linapokuwa na mabaka yaliyooza ambayo hayaelezeki kwa kutazamwa kutoka nje.

Paa linalojilimbikiza

Paa la ngano likichoka, halivuliwi lote. Fundi hukwangua tabaka lililooza mpaka afike kwenye majani makavu na magumu, kisha hupachika tabaka jipya juu yake kwa pini. Miaka 20 baadaye, mwingine anafanya vivyo hivyo. Matokeo yake ni paa ambalo uso wake ni wa juzi lakini tumbo lake ni la karne nyingi, na yapo yaliyofikia unene wa zaidi ya mita moja.

Huko chini kabisa, katika baadhi ya nyumba, hasa za Devon, majani ni meusi kwa masizi. Nyumba za Zama za Kati hazikuwa na dohani. Moto uliwashwa katikati ya sakafu, chumba kikiwa wazi hadi kwenye paa, na moshi ukatafuta njia yake kupitia majani, kama unavyopita kwenye jiko la mafiga lililoezekwa kwa nyasi. Watu walipoanza kujenga dohani na kuweka dari, zaidi katika karne ya 16 na ya 17, moshi ulikoma kufika juu. Kwa hiyo tabaka jeusi lina uhakika wa umri wake: liliezekwa kabla ya dohani. Masizi yameihifadhi mimea hiyo hadi leo. Wataalamu wa mimea ya kale wamekuta humo masuke ya ngano na ya rai, nafaka ya jamii ya ngano, hata magugu ya shambani, yakiwa makavu na kamili. Ngano ya wakati huo ilikuwa ndefu na ya aina nyingi mchanganyiko ndani ya shamba moja, jambo ambalo mbegu za leo hazionyeshi kabisa.

Fundi mwenye haraka anaweza kulitupa tabaka hilo lote chini asubuhi moja. Ni hasara isiyorudishika, na hapa hatuoni sababu ya kulegeza maneno: aliyekuta majani meusi chini ya paa aache kuezua, atafute ushauri kwanza.

Kuta zinazotegemea kofia

Paa la majani ni jepesi likilinganishwa na vigae vya mawe, na makombamoyo yake mara nyingi ni miti ya mviringo ambayo haikuchongwa. Kwa hiyo liliweza kukaa juu ya kuta ambazo zisingebeba mzigo mkubwa.

Devon kuta hizo ni za udongo mtupu. Udongo wa chini, ule usio na rutuba, huchanganywa na maji na majani ya ngano, hukanyagwa na watu au ng'ombe, kisha hupangwa kwa uma juu ya msingi wa mawe. Tabaka moja lina kimo cha sentimita 60 hivi, nalo huachwa likauke kabla ya kupandishwa la pili. Unene wa ukuta ni sentimita 60 au zaidi. Wenyeji wana msemo kwamba ukuta huu hautaki kitu ila kofia nzuri na viatu vizuri, yaani paa lenye upenu mpana na msingi wa mawe unaouinua kutoka kwenye unyevu.

Sehemu zenye misitu zilijenga kwa fremu za mwaloni. Mbao zilichongwa na kuungwa zikiwa mbichi, na mafundi walichonga alama kwenye kila kiungo ili wajue kipi kinaingia wapi. Nafasi kati ya nguzo zilisukwa kwa fito na kukandikwa udongo uliochanganywa na samadi na majani makavu, kisha chokaa. Yeyote aliyewahi kukandika nyumba kijijini Afrika Mashariki angeweza kuifanya kazi hiyo bila kufundishwa. Nyumba za zamani zaidi zina fremu ya aina nyingine: mti uliopinda kiasili hupasuliwa kati, vipande viwili vikasimamishwa vikielekeana kama viganja vya mtu anayeomba, kutoka ardhini hadi mgongoni mwa paa. Nyumba ya familia ya Anne Hathaway, mke wa Shakespeare, iliyoko Shottery, ina fremu kama hizo katika sehemu yake ya kale, ya mwaka 1463.

Tatizo kubwa la kuta hizi lililetwa na saruji. Katika karne ya 20 wenye nyumba wengi walibandua lipu ya chokaa wakapaka saruji wakiamini wanaimarisha. Saruji ni ngumu, udongo unacheza; nyufa ndogo hutokea, maji yanaingia kupitia nyufa, na kwa kuwa saruji haipumui hayapati njia ya kutoka. Udongo wa chini unalainika taratibu nyuma ya uso ulioonekana safi, mpaka siku moja ukuta unashuka. Dawa ni kubandua saruji, kuuacha ukuta ukauke polepole, na kurudisha chokaa.

Madirisha, dohani na moto

Ule mviringo unaopendwa kwenye picha, paa likijipinda juu ya dirisha la ghorofani kama nyusi, haukutokana na mapenzi ya urembo. Mabua hayakubali kona kali. Kila mahali ambapo vipaa viwili vinakutana kwa ndani, mteremko wa bonde lao unakuwa mdogo kuliko wa paa, na maji ya pande mbili hupita hapo. Fundi hulijaza bonde hilo na kulizungusha ili maji yasijikusanye. Vivyo hivyo ncha za paa hupenda kuteremshwa kwa duara badala ya kuishia kwenye ukuta wa pembetatu. Wasanifu wa matajiri waliipenda sura hii baadaye. John Nash aliiga na kuikuza alipobuni nyumba tisa za Blaise Hamlet karibu na Bristol mwaka 1811. Lakini kabla ya hapo lilikuwa paa la kawaida tu la vijijini.

Moto ndio hofu ya kila mtu, na hofu hiyo ni ya zamani: London ilizuia kuezeka kwa majani mwaka 1212, baada ya moto mkubwa. Cha ajabu ni kwamba paa lililobanwa vizuri haliwaki upesi kutoka nje, kwa kuwa hewa haipiti kwa wingi ndani yake. Hatari hutokea kwenye dohani. Matofali yaliyofichwa ndani ya unene wa majani yakipoteza udongo wa kati, gesi za moto hupenya. Kunguru wakijenga kiota kwenye dohani, vijiti vyake hupeperushwa vikiwa vinawaka na kutua juu ya paa. Majiko ya kisasa ya kuni yamezidisha tatizo, maana hutoa moshi wa moto zaidi kuliko yale ya wazi ambayo dohani za kale zilijengewa.

Hapa yale matabaka ya ngano yanarudi na deni lake. Kila tabaka jipya linainua mgongo wa paa, lakini dohani hailifuati. Baada ya karne chache dohani iliyokuwa ndefu imebaki kama kisiki. Mapendekezo ya kawaida leo ni mdomo wa dohani uwe angalau mita 1.8 juu ya mgongo, isafishwe mara mbili kwa mwaka ikiwa inatumia kuni, na kuni ziwe zimekauka hadi unyevu usiozidi asilimia 20.

Na moto ukishaanza, ubora wa paa unakuwa adui. Kile kile kinachotiririsha mvua kinatiririsha maji ya zimamoto. Yanapita juu, moto unakula chini. Ndiyo maana zamani vijiji viliweka kulabu ndefu, mara nyingi kanisani, za kuvuta majani chini, na hata leo wazima moto hulazimika kukata mfereji katika paa ili kuutenga moto. Mapaa ya ngano hufunikwa wavu wa waya kuzuia ndege. Wavu huo ufungwe kwa vipande vinavyoweza kung'olewa haraka kutoka chini, la sivyo unawafungia wazima moto nje.

Kulisoma paa lililochoka

Rangi ya kijivu si ugonjwa. Kuvumwani, ule utando unaoota juu ya mabua, pia si sababu ya kutia hofu peke yake, na kulikwangua kwa nguvu huondoa majani mazima pamoja nalo. Cha kutafuta ni fito na pini zilizoanza kuonekana: zikitokeza, tabaka la kuzifunika limekwisha na mvua imefika kwenye vifungo. Tafuta pia mifereji ya wima, hasa chini ya dohani na kwenye mabonde, na sehemu zinazobaki na unyevu siku mbili baada ya mvua. Kipaa cha kaskazini huoza mapema kwa kukosa jua. Miti inayoning'inia juu ya paa inadondosha maji na kuzuia upepo. Tawi likikatwa, paa linaweza kuongezewa miaka bila fundi kupanda ngazi.

Kuna ubishi ambao haujaisha. Matete hudumu zaidi, kwa hiyo katika karne ya 20 mapaa mengi ya ngano yaligeuzwa kuwa ya matete, na migongo iliyokuwa tambarare ikawekewa ile minene yenye nakshi, hata katika kaunti ambazo haikuwahi kuwa desturi. Kwa nyumba zilizosajiliwa kama urithi, kubadili aina ya majani kunaweza kuhitaji kibali, na wenye nyumba hulalamika kuwa wanalazimishwa kulipa mara mbili katika muda ambao matete yangelipiwa mara moja. Malalamiko yao yana uzito. Lakini matete kwa kawaida hutaka paa livuliwe hadi kwenye makombamoyo, na hapo ndipo matabaka ya karne nyingi huishia kwenye jalala.

Ngano yenyewe imekuwa ngumu kupatikana. Kombaini huponda bua, mbolea nyingi ya naitrojeni hulifanya kuwa laini, na mbegu za kisasa zimefupishwa ili zisianguke shambani. Kwa hiyo wakulima wachache, baadhi yao wakiwa waezekaji wenyewe, hupanda aina ndefu kama Maris Widgeon, iliyotolewa mwaka 1964. Huikata kwa mashine za kale zinazofunga miganda, bua likiwa bado na ukijani kidogo, kisha huisimamisha miganda shambani ikiegemeana, masuke juu, ikisubiri upepo uikaushe.